Kesi ya Mbogo wa Mbulumbulu

Germana alikuwa anapura maharage uani kwake Mbulumbulu, mwezi wa saba mwaka 1961, mbogo alipotoka msituni na kumkuta mumewe, Josephati, mpakani mwa shamba. Pembe iliingia chini ya kitovu ikatokea ubavuni. Mbogo akamkanyaga mpaka mbavu zikalia kama kuni kavu, kisha akaenda kula mahindi. Germana alizoa matumbo ya mumewe, akayarudisha mahali pake, akamfunga kwa shuka. Walimzika kesho yake baada ya misa.

Kifo cha namna hiyo kilitakiwa kuripotiwa. Germana akashuka Karatu kwa miguu, kwa Sulemani, karani wa serikali, mtu mpole aliyesoma Kiingereza miaka minne. Kitabu cha taarifa kilijazwa kwa Kiingereza. Sulemani alitafuta neno la kusema mbogo alimvamia Josephati, akalipata: charge. Neno hilo ni la kumvamia mtu, na pia ni la kumshtaki. Wakubwa wake walisoma maana ya pili. Baada ya wiki mbili samansi ikafika: Josephati ameshtakiwa na mbogo, afike bila kukosa.

Germana akaipeleka kaburini, akamsomea.

Siku ya kesi Josephati alitoka kaburini alfajiri, shuka imemgandia kwa damu, mkono mmoja umeshika tumbo. Waliongozana. Alikuwa ananuka, kwa hiyo Germana akahamia upande upepo unakotoka.

"Maharage ulimaliza?" Josephati akauliza.

"Bado kidogo. Mdogo wako Clemensi ananisaidia."

"Amefanya vizuri."

Mbogo alikuwa amefika mahakamani kabla yao. Askari alimfungulia milango yote miwili ili pembe zipite. Hakimu akawaambia watu wakae.

"Mheshimiwa," Germana akasema, "mwenye malalamiko ni mimi. Huyu ndiye kamuua mume wangu."

"Mama, karatasi haisemi hivyo." Hakimu akamgeukia Sulemani. "Neno hili umeandika wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Lina maana gani?"

Sulemani akamtazama Germana. Karani alikuwa na watoto sita na kazi moja.

"Lina maana nyingi, mheshimiwa."

"Ya mahakamani?"

"Kushtakiwa."

Mbogo akakoroma. Hakimu akaandika kwamba mlalamikaji amethibitisha. Josephati akaonekana ana hatia ya kuziba njia ya mnyama kwa mwili wake. Walimlaza juu ya benchi, viboko kumi na viwili. Cha nne kilichana shuka, cha tisa kikamwaga matumbo sakafuni. Askari alimngoja Germana ayarudishe, akamalizia vilivyobaki. Josephati hakulia. Alishikilia miguu ya benchi mpaka kucha mbili zikabaki kwenye mbao.

Halafu ikaja habari ya shamba. Hukumu ilisema tangu siku hiyo msimamizi wa shamba ni mbogo, na kwa Kiingereza Sulemani alilazimika kutumia neno lile lile: anayesimamia kitu yuko in charge. Jioni Josephati alirudi kaburini. Germana alimfukia kwa mikono, akamwomba radhi.

Mbogo akahamia uani. Germana alilima, akapalilia, akavuna. Mbogo alikula kwanza. Uhuru ulipofika Desemba, bendera ikapandishwa na watu wakacheza mpaka asubuhi, mbogo hakuhama. Msimu uliofuata alimchoma Clemensi mgongoni, akamzungusha shamba zima akiwa amening'inia kwenye pembe, mpaka akaacha kupiga kelele. Germana alimzika peke yake nyuma ya zizi.

Siku ya tatu Sulemani akapanda kutoka Karatu na kitabu chake. Sasa kilijazwa kwa Kiswahili.

"Pole sana, mama. Shemeji yako amekufa kwa nini?"

Mbogo alikuwa amesimama mlangoni, anacheua.

"Homa," Germana akasema.

Sulemani aliangalia damu iliyokauka kwenye mifereji ya shamba, akaandika homa, akafunga kitabu.