Kaka Yangu wa Ngomeni

Wifi yangu Kadii alikuja kwangu asubuhi na kipakiti cha piko, rangi nyeusi ya nywele, mkononi, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanigeuzia kisogo. Hakuuliza tumelalaje.

"Nipake," akasema.

"Si nilikupaka juzi tu?"

"Mizizi imetoka nyeupe. Nipake, wifi, kesho ni kwa nabii."

Nikachukua kifuu, nikakoroga piko kwa kijiti. Huku kwetu bara ya Malindi, mvi zilikuwa taji. Mwenye mvi alipishwa njia. Siku hizi mtoto wa boma akiugua, macho ya watu huanza kumtafuta mchawi juu ya vichwa vya wazee, na kichwa cheupe ndicho kinachoonekana kwanza. Tumewazika wenzetu waliokatwa mapanga na watoto wa damu yao wenyewe. Wengine wamekimbilia ile nyumba ya kuwahifadhi wazee wanaosingiziwa uchawi, wanalala kwenye vitanda vya msaada ilhali wana mashamba. Basi vikongwe wanapaka piko kama mabibi harusi. Ukicheka, cheka, lakini mimi nimechoka kucheka.

Mtoto mwenyewe ni Nelly, mjukuu wangu, binti wa mwanangu Jefwa. Ana kifafa. Daktari wa Malindi alimpa vidonge, akasema ameze kila siku, asiache hata akionekana mzima. Akameza, akatulia, akarudi shule, akawa ananitegea vitendawili mpaka ninaomba poo. Halafu mwaka huu, baada ya mavuno, kifafa kikarudi. Anaanguka jikoni, anaanguka njiani, anakakamaa na povu mdomoni, na mama yake Purity anapiga ukelele mpaka majirani wanatoka.

Wakati huo tayari Jefwa na Purity walikuwa wameacha kanisa letu la zamani, wanasali kwa Nabii Owen. Huyu alitoka Mtwapa na turubai na spika kubwa, akajenga kando ya barabara. Huwa na siku yake ya kufunua. Unakwenda na shida yako, humwambii kitu, yeye ndiye anayekwambia. Purity akaniambia, "Mama, yule anaona. Nabii amesema jambo liko ndani ya boma, twende sote, asibaki mtu." Halafu akashusha sauti. "Hata shangazi Kadii."

Hapo nikajua jina lilikwisha kutajwa mioyoni mwao. Lilikuwa linangoja tu mtu wa kulitamka kwa kipaza sauti.

Kadii ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Alipofiwa na mumewe alirudi kwao, akajengewa kibanda upande wa minazi. Hana mtoto. Huongea peke yake akipalilia, lakini nani mwenye umri wetu haongei peke yake? Wa kumsikiliza yuko wapi?

"Kama sitaki kwenda?" akaniuliza, piko ikimchuruzika sikioni.

"Usipokwenda watasema umekimbia."

"Na nikienda watasema ni mimi."

"Tutakwenda pamoja."

"Wewe utafanya nini, Damaris? Wewe darasa la nne na mimi sikuingia darasani kabisa." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nimefunga nguo zangu. Mfuko uko nyuma ya mlango. Nikitajwa, sitangoja jua lishuke."

Nikamfuta sikio kwa kanga yangu.

Sasa nikueleze jambo. Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mganga wa mburuga, yaani mpiga ramli wetu sisi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikicheza mlangoni pake, kwa hiyo niliyasikia mengi. Watu huja na ugonjwa wao, wanaketi, hawasemi walilojia. Babu anatikisa kibuyu chake, anaanza kubahatisha kwa maneno: ni mwili, ni kichwa, ni tumbo, ni mtoto, ni mtu mzima. Na wao kila neno huitikia, "Taire!" Basi neno likiwa mbali, taire yao ni ya baridi, ya adabu tu. Likikaribia, taire inapanda. Likigusa lile wanalolishuku, wanaitikia mpaka kuku wanaruka. Babu anaufuata mlio huo kama mtu anayefuata harufu ya wali mpaka jikoni. Mwisho anawatajia mchawi wao, nao wanarudi nyumbani wakishangaa, "Amejuaje?" Kumbe wamekuja na mchawi wao mfukoni, yeye amewatolea tu.

Ndiyo maana nasema ramli ni kitendawili kilichopinduka. Mimi nikikutegea kitendawili, jibu ninalo mimi. Mpiga ramli anatega, na jibu unalo wewe.

Siku ya pili tukaenda. Turubai lilijaa, joto, vumbi, watoto wanalia. Nabii Owen ni kijana mzuri wa sura, suruali imenyooka, kitambaa cheupe cha kujifutia jasho. Tukaitwa mbele: Jefwa, Purity aliyembeba Nelly mnyonge kwa kifafa, mimi, Kadii. Kadii alinishika kiganja.

"Naona boma!" nabii akasema kwa kipaza sauti.

"Amina," sisi tukasema.

"Naona miti ndani ya boma. Naona mwembe..."

"Amina," Purity akasema, kidogo tu. Hatuna mwembe.

"...lakini Roho anausogeza mwembe kando, ananionyesha minazi!"

"Amina!" Jefwa akaruka.

Mwili ukanisisimka. Si kwa Roho. Niliisikia taire. Nikajiona tena niko mlangoni kwa babu, ila safari hii kibuyu kina nyaya za umeme.

"Naona mtoto. Naona kichwa... kifua... mtoto huanguka!"

"Amina! Amina!" Purity machozi yanamtoka, na mtoto mwenyewe amembeba, kovu la kuanguka liko kwenye paji la uso. Hilo hata kipofu angeliona kwa kupapasa.

"Kuna mkono wa mtu. Si wa mbali, ni wa damu. Naona upande wa baba..."

Jefwa akafungua kinywa. Upande wa baba ni Kadii. Nikaona pale pale kwamba amina hiyo ikitoka, wifi yangu amekwisha. Kiganja chake kikalegea ndani ya changu, kama mtu aliyekwisha kuaga.

"...naona na upande wa mama..."

"AMINA!" nikapiga mimi. Nilipiga mpaka meno yangu mawili ya mbele yakatikisika. Jefwa akameza yake.

Nabii akanigeukia. Macho yakamng'aa. "Upande wa mama! Mama huyu anajua ninalosema!"

"Amina, nabii!"

"Ni mtu wa... naona mwanamke..."

Nikanyamaza, nikatazama chini, nikaguna, "Amina," baridi kama uji wa jana.

"...anasimama mbele ya mwanamume! Ni mwanamume!"

"Amina! Useme, mwanangu, useme!"

Mungu anisamehe amina zile. Nilizichukua kwake bila ruhusa.

"Mwanamume mrefu!"

"Amina!"

"Ana kasoro mwilini... mkono... mguu..."

"Amina, mguu, ole wangu!" Nikajishika paja langu.

"Anachechemea! Ndugu yako, mama! Kaka yako wa tumbo moja! Ana wivu na kizazi chako. Naona maji karibu naye..."

"Yuko Ngomeni, nabii?" nikauliza kwa sauti ya kulia.

"Ngomeni! Roho ananiambia Ngomeni! Kaka yako wa Ngomeni ndiye anayemnywa damu mtoto huyu, na leo ninamfunga!"

Turubai zima likalipuka kwa vigelegele. Wanawake wa nyuma wakaanza kumlaani kaka yangu. Mimi nikakaza shuka langu kichwani. Mtu mzima, mjukuu mgonjwa, nimesimama kwenye joto la turubai nikicheza mchezo wa watoto ili wifi yangu apate kulala kwake.

Jefwa alikuwa ananitazama. Paji lake lilikuwa limekunjana vile vile lilivyokuwa likikunjana utotoni nikimtegea kitendawili kigumu.

"Mama," akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, watu wakasikia. "Wewe si huna kaka?"

"Sina, baba. Tulizaliwa wasichana watupu. Wajua."

"Na Ngomeni tuna nani?"

"Hatuna mtu."

"Sasa mbona umeitikia?"

"Niliitikia nione kama anaona."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, kama mvua inayoacha bati. Nabii Owen alijifuta jasho. Halafu akaninyooshea kidole.

"Roho ya uongo imo ndani ya bibi huyu! Ndiye! Ndiye mwenyewe! Mtazameni nywele zake!"

Mimi sipaki piko. Nikalivua shuka langu kichwani watazame vizuri. Sikuwa shujaa. Nilichoka tu.

Watu wawili watatu walisimama. Hapo ndipo nilipoogopa, nisikudanganye; sikumwogopa nabii, niliogopa mwanangu atatazama wapi. Jefwa alisimama pale na kipaza sauti kinakoroma. Kisha akamchukua Nelly mkononi mwa mkewe, akasema, "Mama, shangazi, twendeni nyumbani." Purity akabaki nyuma kidogo, halafu akatufuata, analia. Hakuna aliyetuzuia.

Kufika, Kadii akapita moja kwa moja kibandani kwake, akafunga mlango. Sisi tukaketi jikoni. Nikabandika chai.

"Mama," Jefwa akasema, "kwa hiyo hakuna nabii? Hata wa kwenye Biblia walikuwa wanabahatisha?"

"Wapo. Natani alikuwa nabii."

"Natani alifanyaje?"

"Purity, mpe mumeo chai." Nikavuta kigoda. "Mfalme Daudi alichukua mke wa mtu, akamuua mumewe. Natani akaja, akamsimulia kisa: tajiri ana kondoo tele, maskini ana mmoja anayelala naye kifuani, tajiri akamchinja yule mmoja. Daudi akawaka hasira, mtu huyo afe! Natani akamwambia, mtu huyo ni wewe."

Jefwa akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Ona sasa," nikamwambia. "Hakumwambia jirani yako, wala shangazi yako mwenye mvi. Na hakungoja Daudi aitikie amina ndipo ajue njia. Neno lilimkata yeye mwenyewe aliyekuwa anasikiliza, likamwacha na njia ya kutubu. Mburuga humwacha msikilizaji msafi kabisa, halafu humtoa na panga mkononi. Nikutegee?"

"Mama, leo?"

"Kitendawili."

Akashusha pumzi. "Tega."

"Nina kioo, kila nikijitazama namwona jirani."

Alifikiri. Jogoo alipita mlangoni, akatuchungulia, akaenda zake. "Sina jibu," akasema.

"Basi nipe mji."

"Sina hata mji wa kukupa, mama."

"Ni ramli, mwanangu. Sasa tazama kioo kinachokuonyesha wewe. Vidonge vya mtoto viko wapi?"

Purity ndiye aliyelia kwanza. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa karatasi, umejaa vidonge, akaumimina juu ya mkeka. Nabii aliwaambia mafuta ya upako na vidonge havikai kifua kimoja, kumeza ni kukosa imani. Wakaacha. Waliacha baada ya mavuno.

Jefwa alivitazama vile vidonge. Sikumwambia kitu. Natani mwenyewe hakurudia mara mbili.

"Na mimi nilikuwa namfikiria shangazi," akasema polepole. "Mama, nilikuwa nimeshaanza kulitazama panga."

"Najua."

Jioni walimpeleka Nelly zahanati, kwa sababu dawa iliyoachwa hairudishwi kiholela. Daktari aliwagombeza sana, akamwanzishia upya. Aliporudi, kabla hajala, Jefwa alikwenda upande wa minazi, nami nyuma yake, akasimama mbali kidogo na mlango wa Kadii.

"Hodi, shangazi."

Akasogea hatua moja.

"Shikamoo, shangazi."

Mlango haukufunguka. Kuitikia marahaba ni kazi ya sekunde, lakini kuna siku marahaba ni mzigo wa kuni.

"Shangazi, tulimwachisha mtoto dawa. Ni mimi. Si wewe."

Mlango ulifunguka kiasi cha uso mmoja. Nyuma yake niliuona mfuko wa nguo bado umefungwa.

"Marahaba," Kadii akasema. "Mtoto amekula?"

"Bado."

"Basi mlisheni. Dawa kwa tumbo tupu humchafua mtu."

Asubuhi nilimkuta ameketi tena juu ya mbuzi ya nazi, kisogo kwangu, kipakiti mkononi. Jefwa alikuwa anafunga mbuzi wake wa maziwa pale mtini, akaona.

"Shangazi, hizo mvi ziache sasa. Ni za heshima."

Kadii hakugeuka. "Wewe umeniambia si mimi, baba, nami nimesikia. Lakini lile turubai lilijaa, na si wewe peke yako utakayenitazama." Akanipa kipakiti juu ya bega lake. "Nipake, wifi. Mfuko nimeufungua."

Nikachukua kifuu. Nelly akaja akachuchumaa kando yangu, macho mazito kwa dawa, akachovya kidole kwenye piko akajichora kiganjani.

"Hawe, kitendawili," akaniambia mimi, bibi yake.

"Tega, mwanangu."

Akasahau alichotaka kutega. Tukamngoja, mimi na Kadii, piko ikikauka.