Shinda Kidogo

Uliangalia pembeni. Jumamosi ile ulikuwa kwenye jukwaa la watazamaji, pale uwanja wa mbio za magari wa Piney Fork, mkate wa soseji mkononi, na bendera ya kumaliza mbio ilipoanguka ukainuka kwenda kutafuta gari lako. Basi nitakukumbusha, maana mimi sisahau.

Royce Lineberry alitoka zamu kiwandani saa nane mchana, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nyusi. Hakwenda kulala. Alifunga gari lake la mbio kwenye trela akalivuta mpaka uwanjani. Injini yake waliiunda yeye na kaka yake Odell, majira matatu ya baridi, kwenye banda la kuku, kwa vyuma vya magari yaliyokufa. Mwaka jana Odell akafariki, mapafu yamejaa vumbi la pamba. Daktari wa kiwanda akaandika kuwa ni sigara. Odell hakuwahi kuvuta hata moja. Kilichobaki cha mikono yake ni ile injini.

Verna, mkewe Royce, alimpitishia kahawa kwenye dirisha la kibanda chake cha soseji.

"Shinda kidogo," akamwambia. "Urefu wa gari moja. Usituonyeshe ufundi."

"Nitaendesha kama mgonjwa."

"Mgonjwa kweli, lakini. Siyo kama ule ugonjwa wako wa siku ya harusi ya dada yangu."

Pale kwetu kila dereva maskini anajua kushinda kidogo. Sheria ya uwanja inasema anayemaliza wa pili ana haki ya kuichukua injini ya mshindi kwa dola mia tano, na mshindi akikataa, anafungiwa mwaka mzima. Ukishinda kwa mbali, injini yako inatamaniwa. Walituambia inamlinda mnyonge, ili tajiri asimwage maelfu kwenye injini. Nilikuwepo siku ilipopigiwa kura. Sikunyoosha mkono. Mdomo nao sikuufungua.

Mzunguko wa kumi hivi, vumbi jekundu likapanda, jua likapita ndani yake, na dunia nzima ikawa rangi ya chai. Mngurumo wa injini ukatulia, ukawa mluzi mwembamba, uleule aliokuwa akiupiga Odell akiwa amelala chini ya gari. Royce akausikiliza. Hakuyaona magari tena. Aliona taa ya bandani, mvuke wa pumzi, mkono wa kaka yake ukiomba spana. Mguu ukazama wenyewe. Bendera ya mirabaraba ilipomgutusha, alikuwa amemwacha wa pili nusu uwanja.

Wa pili alikuwa Preston Cagle. Baba yake anauza magari mapya, na ni mwenyekiti wa kamati iliyotunga sheria ile. Alikuja na Bwana Hoyle, msimamizi wa mbio, aliyeshika karatasi.

"Royce, utaratibu unaujua," alisema Hoyle.

"Usikasirike, kaka," Preston akasema. "Hela hii hapa. Utaunda nyingine, wewe si ni fundi, bwana?"

"Fundi alikuwa Odell."

"Basi mwambie Odell akuundie."

Hakuna aliyecheka. Royce akaomba alisogeze gari kivulini kwanza. Hoyle akamkubalia.

Kivulini akajiingiza chini ya gari, akafungua nati ya oili, akaiacha oili yote imwagike kwenye udongo. Kisha akakaa kwenye usukani, akawasha na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Mluzi ukapanda, ukawa kilio, halafu kitu kikakatika humo ndani. Kimya. Moshi ukatoka polepole, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi.

Hoyle alifika anahema. "Umefanya nini?"

"Ichukueni." Royce akanyoosha mkono apewe hela. "Karatasi yako inasema injini. Haisemi iwe hai."

Hawakumpa hata senti. Wamemfungia mwaka mzima, na Jumatatu alirudi kwenye vumbi lilelile lililomla kaka yake.

Wewe ulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, unafuta haradali kidoleni.

Kamati inakaa kesho saa kumi jioni, chini ya jukwaa. Karatasi ya kutaka sheria ile ifutwe iko kwa Verna, kwenye dirisha la soseji. Jina la Royce wamelikata, eti aliyefungiwa hahesabiwi. Yamebaki mawili, la Verna na langu. Weka chini huo mkate. Nenda sasa hivi ukaandike la tatu.