Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatano saa tano asubuhi, katika duka la kuchapa lililotazamana na lango la chuo, mchapaji alikuwa anapanga pambizo za tasnifu ya mpwa wake. Kushoto sentimita nne, ili pabaki nafasi ya kujalidi. Kwingine kote mbili na nusu. Wanafunzi walimwita Pambizo kwa ukali wake katika jambo hilo, na yeye aliitika. Shule aliiachia darasa la saba, lakini tasnifu zaidi ya elfu zilikuwa zimepita mikononi mwake, na hakuna iliyowahi kurudishwa kwa sababu ya pambizo.

Tasnifu ya mpwa wake ilihusu wanawake ishirini na watatu wanaofunga sabuni kiwandani, wakiwa wamesimama saa kumi kwa siku. Wa tisa kati yao alikuwa mama wa huyo mpwa, yaani dada mkubwa wa mchapaji. Jalada lilikuwa tayari, gumu, la bluu, herufi za dhahabu. Yalibaki marekebisho ya ndani. Kitabu kilitakiwa ofisini Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, na atakayechelewa angengoja mwaka mzima.

Msimamizi wa utafiti alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mama si neno la kitaaluma. Weka mhojiwa kote."

"Kote, Mjomba," mpwa alisema. "Na yako mengi. Mama huyu, mama yule, kila ukurasa."

"Hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua."

Aliiagiza kompyuta itafute "mama" popote ilipo na kuweka "mhojiwa". Kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama ili kompyuta iguse neno zima tu na kuacha vipande vilivyo ndani ya maneno mengine. Hakukiweka alama. Kompyuta ikajibu kwamba imebadilisha mahali mia tatu na kumi na sita. Mpwa akachukua nakala ya kupitia, akaitia mkobani, akaenda nyumbani.

Alhamisi asubuhi wanawake ishirini na watatu hawakuweza kusimama.

Hawakuumwa popote. Waliamka, wakaketi kitandani, na mwili ukaishia hapo. Waliotaka kuendelea walishuka sakafuni na kujiburuza kwa makalio hadi mlangoni. Dada mkubwa alijaribu mara mbili, kisha akamwita binti yake.

"Hebu lete hayo makaratasi yenu. Jana mmenifanya nini?"

Binti alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akasoma: "Mhojiwa wa Tisa alieleza kuwa siku hiyo alisimhojiwa tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni."

"Alisi-nini?"

"Alisimhojiwa."

"Basi ndiyo hiyo. Ndani ya kusimama kulikuwa na mama, nyinyi mkamtoa. Nitafutie mkokoteni."

Mwenye mkokoteni aliwaleta wote dukani kwa safari nne, sita sita, na safari ya mwisho watano. Alichouliza ni kimoja tu: awashushe ndani au kibarazani.

"Ndani," mchapaji alisema. "Ila msiegemee mashine ya kopi, ina moto."

Wakakaa sakafuni, wengine juu ya maboksi ya karatasi, miguu wameinyosha mbele. Ilikuwa miguu ya kufanana: imevimba kuanzia vifundoni, mishipa imejitokeza kama kamba. Mchapaji aliifahamu kwa sababu alikuwa ameichapa yeye mwenyewe, jedwali la sita, ukurasa wa hamsini na mbili.

"Wewe Pambizo," dada yake alisema. "Darasa la saba umeacha mwenyewe, sasa na sisi umetukalisha chini kama la kwanza."

"Nilisahau kisanduku, Dada."

"Kisanduku! Watu ishirini na watatu."

"Ni kazi ya dakika mbili. Naandika upya, mnasimama, mnakwenda zenu."

Akavuta kibodi. Hapo mwanamke mmoja mwembamba, aliyekuwa wa kumi na nne katika tasnifu, akainua mkono kama yuko darasani.

"Kaka, usiwe na haraka hivyo. Tuachie mpaka saa tisa."

Hakuna aliyempinga. Mchapaji akaiacha kibodi, akaendelea na kazi za wateja wengine. Wanafunzi waliingia, wakavuka miguu ya watu, wakalipia kopi zao, wakatoka. Kufika saa sita, wanawake kumi walikuwa wamelala usingizi huku wamekaa, na uvimbe wa vifundoni ulikuwa umeanza kushuka. Mpwa alichukua daftari akapima kwa utepe, kwa sababu hakuna mahali katika utafiti wake alipowahi kuwapima wakiwa wamepumzika. Lakini sura ya nne ilikuwa imeshafungwa, na msimamizi alikuwa amekataza nyongeza.

Saa saba wa kumi na nne akampigia nyapara simu, akamweleza kwamba wako salama na wanaweza kufunga sabuni hata sasa hivi, mradi wawe wamekaa. Nyapara alijibu kwa sauti iliyosikika duka zima. Kiwanda hakina viti. Viti vinaleta usingizi. Asiyekuwepo kesho saa moja asubuhi akiwa amesimama kwenye mkanda wa kupitishia sabuni, nafasi yake ina watu.

"Yeye je, ameamkaje leo?" dada mkubwa aliuliza simu ilipokatika.

"Mzima kabisa," wa kumi na nne alisema. "Yupo kwenye kiti chake, kile cha kuzunguka."

Mchapaji alitafuta kwenye kompyuta. Ilikuwa kweli. Neno "msimamizi", ambalo kwenye tasnifu lilitumika kwa nyapara pia, halina mama ndani yake, na halikuguswa popote, wa kiwandani wala wa chuoni.

Saa nane na nusu mpwa alimsomea mjomba wake marekebisho ya mwisho ili ayaingize. Yalikuwa ya sura ya tano, kwenye mapendekezo. Mwanzo aliandika: "Kiwanda kiweke viti." Kalamu nyekundu ilisema apunguze ukali. Sasa ilitakiwa isomeke: "Kiwanda kinaweza kufikiria uwezekano wa kuangalia suala la ukaaji."

Mchapaji aliandika hivyo hivyo.

"Rudia," dada mkubwa alisema.

Binti yake akarudia.

"Viti viko wapi hapo?"

"Viko humo ndani, mama. Ni lugha ya kitaaluma."

"Mimi sivioni. Miaka kumi na tisa nimesimama hapo, saruji imebonyea nyayo zangu mbili, ukimwaga maji yanatuama. Ulikuja na daftari lako nikakueleza yote, nikiwa nimesimama. Halafu kinaweza kufikiria." Akageuka kwa mdogo wake. "Ukifika kwangu, usiguse. Acha ilivyo."

"Dada, kazi je?"

"Unayo meza ya kujalidi hapo. Kujalidi watu hukaa."

Mpwa alikunja daftari. "Mama, kosa likionekana kitabu kinarudishwa. Nitakaa mwaka mzima."

"Makosa mangapi?"

"Moja wanaweza kulisamehe. Sina hakika."

Dada mkubwa alimgeukia binti yake. "Basi amua wewe. Jina ni lako."

Saa tisa kamili mchapaji alianza kurekebisha, mahali pamoja pamoja. Kila alipobonyeza, mmoja alisimama. Wa kwanza alisimama, akajifuta vumbi nyuma, akashukuru. Wa pili akamwamsha wa tatu. Wa kumi na nne aliomba zamu yake ikifika amalizie chai kwanza, na mchapaji akakubali. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja aliinua kichwa, akamwangalia mpwa wake. Mpwa alikuwa anaangalia vifundo vya mama yake, ambavyo sasa vilionekana vifundo.

"Ruka, Mjomba," alisema.

Mchapaji akaruka.

Wanawake ishirini na wawili waliondoka kwa miguu, na kesho yake saa moja asubuhi walikuwa kwenye mkanda.

Ijumaa saa tisa na robo mpwa alikabidhi kitabu. Karani wa ofisi ya usajili alikifungua katikati, akatoa rula, akapima pambizo ya kushoto. Sentimita nne. Akapima ya kulia. Akahesabu kurasa kwa kidole gumba, akapiga muhuri.

"Kazi safi," alisema. "Umechapia kwa Pambizo?"

"Ndiyo."

"Nilijua."

Mtahini naye alikipitisha, akasifu jalada. Siku ya mahafali mshereheshaji aliwaomba wazazi wasimame wapigiwe makofi. Wakasimama wote, isipokuwa mmoja, aliyepiga makofi akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu alichoundiwa na mdogo wake kutokana na kiti kibovu cha ofisi. Binti alimpungia mkono kutoka jukwaani.

Kiwandani aliwekwa mwanamke mwingine mahali pake. Miguu yake ni midogo, inaelea ndani ya zile nyayo. Viti havijanunuliwa.

Dada mkubwa anajalidi. Ana mkono mzuri, haachi gundi ikatoka pembeni. Wanafunzi wanaokuja dukani humwamkia, na wakimuuliza tatizo lake ni nini, huwaeleza kwamba kuna kitabu cha bluu kwenye maktaba yao, rafu ya chini, karibu na dirisha. Atakayekisoma mpaka ukurasa wa arobaini na moja atakuta neno lisilosomeka. Achukue kalamu alisahihishe.

"Siku akifika mtu huko," husema, "nitasimama nimpe mkono."

Wanafunzi huahidi, wanachukua kazi zao, wanatoka. Ni mwaka wa sita huu. Bado amekaa.