Behewa Lisilo na Herufi

Debe la Mbodze lilikuwa limefika nusu Chome alipolipiga teke. Kilichokuwamo kilimwagika juu ya kokoto za reli, na wanawake waliotembea tangu alfajiri wakakitazama kikizama ardhini.

Hapakuwa na mtu aliyempenda Chome katika kituo kile kidogo kati ya Samburu na Taru, na mimi sijitii kumtetea. Alikuwa karani wa mabehewa. Kazi alifundishwa Changamwe, na aliijua barabara. Tangi lolote ulilomwonyesha, angekuambia limebeba nini kabla hujamaliza kuuliza. La maji hutoka jasho asubuhi, na jasho hukomea pale maji yalipokomea. La molasi hufuatwa na nyuki. Ujuzi mzuri, lakini aliutumia kuwafukuza watu.

Kila Jumatatu treni ya mizigo iliacha matangi mawili ya maji. Moja lilikuwa la watu wote, na kufikia adhuhuri lilikuwa limekauka. La pili lilikuwa la kituo: tangi kuukuu la mafuta ya taa, jeusi, limesafishwa ndani lakini nje bado linanuka. Watu walipouliza, Chome aliwaambia ni mafuta. Mwanzoni alisema hivyo kuepusha fujo, baadaye akazoea. Miaka miwili aliyaoga maji yale na kuimwagilia mipapai yake, ikanawiri ukame ukiwala mbuzi wa wenzake.

Jumatatu hiyo ya mwaka wa hamsini na tano, tangi la watu wote halikuja. Mahali pake treni iliacha behewa geni: matangi matatu mafupi yamesimamishwa juu ya sakafu ya mbao, hayana herufi hata moja, na nyuma yake mabomba membamba yenye matundu yameinama karibu kugusa reli. Chome aliliona kupitia dirisha akalitambua. Lilikuwa behewa la kunyunyizia reli dawa ya kuulia nyasi. Kule Changamwe aliwahi kuona mbuzi watatu wakiramba chumvi nyeupe iliyoganda kwenye bilula ya behewa kama hilo. Hawakufika jioni. Akatoka mbio, ndipo akalipiga debe lile teke.

"Ni sumu," alisema akihema. "Msiinywe. Msiiguse."

Biasha, mwenye mtoto mgongoni, akacheka kicheko kikavu. Akauliza ikiwa juzi yalikuwa mafuta na leo ni sumu, je, kesho bwana karani atawaambia ni damu? Mwingine akasema labda ile mipapai nayo inakunywa mafuta ya taa. Wawili waliinama wakaokota kokoto. Mbodze, mkubwa wao, aliwapita wote. Aliliokota debe lake, akalirudisha chini ya bilula, akafungua.

Chome akamshika mkono. Mama yule akautazama mkono wa karani mpaka ukaachia wenyewe. Bwana stesheni alikuwa Mombasa, na hata angekuwepo, wanawake thelathini wenye kiu hawazuiliki kwa kofia. Debe lilikuwa likijaa. Chome alijua neno lake halina thamani tena mahali pale, ila moja tu ambalo hakuwahi kulisema.

"Mama, maji yako kule. Lile jeusi. Halijawa na mafuta hata siku moja tangu nije hapa. Nimewadanganya."

Mbodze alifunga bilula. Akaenda kwenye tangi jeusi, Biasha akamkingia kata ya maji kwenye bilula yake, naye akampa Chome.

"Kunywa wewe."

Akanywa mbele yao wote. Yalikuwa baridi, matamu, na aliona aibu kwa utamu ule.

"Mjukuu wangu tulimzika Septemba," Mbodze alisema. "Tangi hili lilikuwa hapa?"

Nani angemjua akisema halikuwapo? Vitabu vya kituo alivisoma yeye peke yake.

"Lilikuwa hapa."

"Limejaa?"

"Limejaa, mama."

Mbodze aliichukua kata, akaushika upindo wa leso yake, akafuta ukingo pale midomo ya Chome ilipogusa. Akafuta mara ya pili. Kisha akalileta debe lake chini ya bilula.

"Si debe hilo," Chome alisema taratibu. "Lisitumike tena. Na mikono uioshe kwanza."

Yule mama aliliondoa chini ya bilula. Akalipeleka debe kando ya reli, mbali na watoto, akaligeuza kifudifudi na kulibebesha jiwe. Akaosha mikono, akaazima debe la Biasha.

Chome alikwenda nyumbani kwake akaleta ndoo yake ya kuogea, akaiweka karibu na Mbodze. Wanawake walipanga foleni wakiizunguka, na walipomaliza kujaza na kuondoka ilikuwa bado palepale, kavu.