Beji Iliyobaki Ghalani

Mimi na wifi yangu tunafua shuka za hospitali, katika wodi ya wagonjwa wa tezi ya shingo. Wagonjwa hao hunywa dawa yenye mionzi, na jasho lao huingia katika shuka. Kwa hiyo tunazifunga mifukoni, tunaandika tarehe na kuzilaza ghalani kwanza. Mpima mionzi wa hospitali alitueleza kwamba kiini cha atomu ya dawa hiyo hakijatulia, nacho hutoa mionzi kinapotafuta utulivu. Baada ya siku nane, nusu ya viini huwa vimetulia. Baada ya nane nyingine, nusu ya vilivyobaki.

Kila mfanyakazi huvaa beji kifuani. Beji haikingi, huhesabu tu mionzi iliyoifikia. Mwezi uliopita, yangu ilionyesha mionzi mara ishirini zaidi ya za wenzangu.

“Keti, mama,” mpima mionzi alisema. “Ikiwa ni kweli, leo nakutoa wodini.”

Nilimwaza kitindamimba wangu, anayelala ubavuni pangu. “Nimempelekea mionzi nyumbani?”

“Hapana. Kinachobebwa ni uchafu wa dawa, na mikono yako hupimwa kila jioni. Ninayemhofia ni wewe.”

Wifi alikuwa ananingoja mlangoni. “Ukianza kuwaka, wifi, tutapunguza bili ya umeme.”

“Cheka tu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.”

Katika darasa letu la watu wazima, mwalimu hutudai sentensi tatu kila jioni kuhusu kazi ya siku. Usiku huo nililifungua daftari la sentensi hizo, nikafuatisha mistari kwa kidole nikitafuta nilikokosea. Ijumaa moja nilikuwa nimeandika: “Nimepanga mifuko saba. Joto limezidi, nimevua koti. Nimelisahau ghalani.”

Beji ilikuwa kwenye koti hilo, nami nililichukua Jumatatu. Kanuni inataka itundikwe kwenye ubao wa beji tunapoondoka, nami nilijua kwamba kusema ni kujitia hatiani. Hata hivyo nilimpelekea mpima mionzi daftari.

Alilisoma mara mbili. Akaenda ghalani na kipimo cha mkononi, akakiweka kati ya mifuko iliyoletwa siku ile, akapiga hesabu ya siku tatu. Ilikaribiana na ya beji.

“Beji ndiyo iliyopata mionzi hiyo ghalani,” alisema, “si wewe. Lakini barua ya onyo utaipata.”

Niliipata. Niliisoma mwenyewe hadi kwenye sahihi, bila kumwomba wifi anisaidie. Jioni niliandika sentensi zangu tatu, kisha nikamlaza mwanangu ubavuni pangu.