Kianzio cha Mama Arzella

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Odell Gatewood alikuwa amekaa kwenye kiti chake katika studio ya Bwana Haskell, mjini Memphis, akila mkate wenye soseji huku akikaza uzi wa tatu wa gitaa. Kazi yake ilikuwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Mwimbaji anakuja kurekodi, Odell anampigia gitaa, mwimbaji anaondoka na umaarufu wake, Odell anarudi nyumbani kwa basi.

Kila alichorekodi kilimtoka. Muziki ukishanaswa kwenye utepe, nyuzi zake hazikuutoa tena. Angeweza kuweka vidole palepale na kucharaza mpaka kucha zikatike, gitaa likabaki kimya. Wenzake wote walikuwa hivyo. Tate, mpiga dramu, alikuwa ameishiwa midundo ya kwake mwenyewe tangu mwaka 1962, na harusi ya dada yake aliipigia makofi. Hakuna aliyelalamika, maana wote walijua kazi ilivyo.

Odell alikuwa amejiwekea kitu kimoja tu, kianzio cha wimbo wa kanisani, yale mapigo ya gitaa kabla mwimbaji hajaanza. Alikitunga akiwa mdogo, jikoni, akimfuatisha mama yake alivyokuwa akiguna wimbo huku anachambua mboga. Mama Arzella alishamwambia mapema.

"Siku ya kunizika, Odell, unipigie hicho. Kinanda sikitaki. Yule bibi wa kanisani anakipiga kama anafukuza kuku."

"Nitapiga, Mama."

"Na jina lako nilione kabla sijafa." Kila santuri aliyoletewa aliisoma kwa kioo cha kukuzia, mbele na nyuma. "Hapa yupo mwimbaji, yupo mtunzi, mpaka aliyepiga picha yupo. Wewe wamekuficha wapi, mwanangu?"

Jumanne hiyo mwimbaji alikuwa Clement Royal, aliyekuja na suti ya kijani na wimbo wa mapenzi uliokataa kukaa sawa. Mpaka saa nane walikuwa wamejaribu kila kitu na kutupa kila kitu.

"Odell," alisema Bwana Haskell, "nipe kitu cha kanisani."

"Sina, bosi."

"Acha uongo. Nyinyi wote mnacho."

"Ninacho, ila kina mwenyewe."

"Usimpe, kaka," Tate alinong'ona. "Bi mkubwa bado yu hai."

Bwana Haskell alivuta kiti akakaa karibu. "Nipe hicho, nami naandika jina lako kwenye santuri. Kwa herufi kubwa."

Odell alimfikiria mama yake na kile kioo. Akapiga, mara moja tu, na utepe ukanasa. Alipojaribu tena, vidole vilipita juu ya nyuzi bila sauti. Tate aligeuza uso akajifanya anafuta dramu.

Santuri ilitoka mwezi Machi. Mama Arzella alisikia sauti tatu za mwanzo akaweka kisu chini.

"Hiki si changu?"

"Ni chako, Mama."

"Basi jina litakuwepo," alisema, akachukua kioo.

Alitafuta siku mbili. Jina la Clement Royal lilikuwepo, kwa rangi ya dhahabu. Bwana Haskell alieleza kwamba nafasi haikutosha. Siku ya tatu Mama Arzella aliweka kioo kabatini akasema macho yake yameharibika, asije akamuumiza mwanawe. Macho yake yalikuwa mazima, na mimi ninayesimulia jambo hilo linanichoma mpaka leo. Alifariki wiki ya Pasaka.

Kanisani, Odell alisimama kando ya jeneza na gitaa lake, akapiga kianzio chote toka mwanzo hadi mwisho. Kilichosikika ni vipepeo vya karatasi vya kujipepea mikononi mwa akina mama. Waumini walingoja kwa subira, kwa kuwa walijua anafanya kazi gani. Kisha Dada Ludie, katibu wa kanisa, alileta gramafoni ya watoto wa shule ya Jumapili, akaiweka ile santuri ya Royal. Mchungaji Sykes, ambaye alikuwa amekataza nyimbo za dunia, alitoka nje kunywa maji.

Kianzio kilijaa kanisa zima. Dada Ludie aliinua sindano kabla Royal hajafungua kinywa, akairudisha mwanzo, akafanya hivyo mara tisa. Watu walilia, wakasema, "Naam, Bwana." Odell alishika ukingo wa jeneza.

Zikafuata shukrani. Kwa desturi ya kanisa lile, katibu husoma kilichoandikwa tu, haongezi neno lake. Dada Ludie aliwashukuru waliochimba kaburi na waliokaanga kuku. Halafu akaisogeza santuri karibu na macho, asome jina lililoandikwa.

"Familia inamshukuru kwa namna ya pekee ndugu Clement Royal, aliyempigia mama yetu kianzio hiki."

Kanisa likaitikia amina. Kisha, kama ilivyo desturi, familia ikaombwa isimame kuthibitisha shukrani zake. Mama Arzella alizaa mtoto mmoja tu. Odell akasimama.