Vidole Viwili vya Mzee Mok

Mzee Mok hakuwa mtu wa kunyima shukrani. Ukimmiminia chai, hugonga meza kwa vidole viwili, na mazungumzo yakaendelea bila kukatika. Hata wahudumu aliwagongea. Lakini tangu Lok-yiu, binti yake wa pekee, aache kazi ya benki akajifunga aproni ya mpishi wa vitafunio vya mvuke, mkono wa baba ulilala tu mezani kila binti huyo alipommiminia.

Jumapili ile Lok-yiu alitoka jikoni kwenye mkahawa alikofanya kazi, uleule ambao familia yao ilizoea kunywa chai, nywele zikinukia mvuke, akaketi kati ya mama na bibi yake. Alfajiri mpishi mkuu alikuwa amemwachia kazi asiyomwachia mtu: vifuko vya unga vyenye kamba wa baharini ndani. Kikapu chake cha mianzi kikatua mezani kati ya miguu ya kuku na keki ya figili iliyokaangwa, na ndani yake vifuko vinne vimekunjwa kama ushungi wa bibi harusi.

Bibi, mkubwa wa meza, alianza. Alifumba macho, akatafuna. Mama akafuata. Lok-yiu hakugusa kikapu. Alimtazama baba yake, aliyekuwa akijitia kushughulika na mfupa wa kuku.

"Baba, chukua kimoja," alisema. "Ngozi ikipasuka kabla haijafika mdomoni, kesho nawapigia magoti benki wanirudishe."

Mama akamkanyaga chini ya meza. Maneno kama hayo kwa Mzee Mok hayakuwa mzaha. Angeyashika mpaka kaburini. Lok-yiu hakutikisika. Unga ule aliukanda kwa mikono yake, na mikono yake aliijua.

"Gwok-hung, fanya upesi," Bibi alimwambia mwanawe. "Usingoje kipoe upate cha kusingizia."

Mzee Mok akakamata kifuko kwa vijiti, tena katikati, pale panapopasuka upesi. Akakiinua juu. Akakitikisa kama paka mwenye panya. Wekundu wa kamba ulionekana kupitia ngozi ile nyembamba. Ikatetemeka, haikupasuka.

"Umezidisha wanga," alisema.

"Onja kwanza, ndipo unishitaki."

Akaonja. Kamba akakatika kwa mlio menoni mwake, mgumu kidogo, mtamu kidogo, kama inavyotakiwa. Alitafuna muda mrefu, uso mgumu kama mlango uliofungwa. Kisha vijiti vyake vikarudi kikapuni, vikachukua kifuko cha mwisho, kile ambacho kwa adabu huachiwa mkubwa.

"Hicho changu," alisema Bibi. "Loo, nimelea mwizi."

Mezani wakaangua kicheko, isipokuwa Mzee Mok, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa. Lok-yiu akashika birika. Akammiminia Bibi, akammiminia mama yake, halafu baba.

Vidole viwili vikagonga meza. Ko, ko.

Mzee Mok akaegesha kifuniko cha birika pembeni ili maji yaongezwe, na mhudumu alipofika akamwelekeza kwa kidevu.

"Leta kikapu kingine. Na huyu mpishi wenu anakaa anakunywa chai na wateja, mwambieni arudi jikoni."

Lok-yiu alikuwa ameshasimama, anafunga aproni.